Binti ananiita Oulu nikaipokee theluji ya kwanza, na korosho ziko shambani

BARUA

Mshauri wetu, asalaam aleikum.

Mimi ni mama mwenye umri wa miaka 59, mkazi wa Mikindani, Mtwara, na shamba letu la mikorosho liko upande wa Nanyamba. Mungu ametujalia, mimi na mume wangu, watoto wanne. Habari yangu inamhusu wa tatu, binti, ambaye alisomea uuguzi, akapata kazi Ufini, akaolewa huko na Mfini aliyesilimu kabla ya nikaha, na sasa wanaishi na watoto wao wawili katika mji wa Oulu. Ni mtoto mwema. Hajawahi kunisahau, na mkwe wangu naye ananiheshimu, ingawa mazungumzo yetu huishia kwenye salamu na kucheka kwa sababu ya lugha.

Katika nyumba yao wana desturi moja. Kila mwaka, siku theluji ya kwanza inapoanguka, iwe ni usiku wa manane au alfajiri, huwaamsha watoto, huzima taa zote za ndani, hufungua mapazia, kisha wote hutoka nje wakiwa wamevaa makoti juu ya nguo za kulalia. Mkwe wangu hutoa stoo kile kigari cha plastiki cha kutelezea, binti hukaanga mandazi ya nazi na kuchemsha chai ya tangawizi, na kabla hawajaanza kula hunipigia simu ya video ili na mimi nione. Binti aliwahi kunieleza kwamba desturi hiyo aliianzisha mwenyewe, kwa kukumbuka jinsi nilivyokuwa nikiwaachia yeye na nduguze waoge mvua ya kwanza pale uani, wakati majirani wengine walikuwa wakiwafungia watoto wao ndani wasije wakashikwa na mafua.

Mwaka jana simu ilinikuta naanika korosho. Mjukuu wangu mkubwa, ambaye ana miaka sita, alinyoosha mkono mbele ya kamera, nikaona zile chembe nyeupe zimekaa juu ya glavu yake bila kuyeyuka, kisha akaniuliza, "Bibi, kwenu theluji inaanguka lini?" Nilipomjibu kwamba kwetu haianguki kabisa, aligeuka akamtazama mama yake, akarudi kwenye simu na kuniambia kwa huruma ya kweli, "Pole, Bibi." Tulicheka wote. Hata hivyo usiku ule sikupata usingizi. Kwa mila zetu sisi Wamakonde, mtoto wa binti ndiye wa ukoo wako hasa, naye ananipa pole kwa kuishi kwetu.

Sasa binti ni mjamzito na anatarajia kujifungua katikati ya Novemba. Mkwe wangu ameniandikia barua ya mwaliko, akiomba nifike mwanzoni mwa Oktoba na kurudi Januari, tiketi watalipa wao, ili safari hii Bibi aipokee theluji ya kwanza pamoja nao. Kila ninapozungumza na binti anaanza na theluji, anamalizia na theluji. Habari za uzazi anazigusa tu na kuziacha.

Tatizo la kwanza ni korosho. Miezi wanayonitaka ndiyo miezi ya msimu wenyewe. Mimi ndiye ninayesimamia vibarua wa kuokota, ninayehakikisha korosho zimekauka, ninayetenganisha daraja la kwanza na la pili, ninayepeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika na kutunza karatasi zote mpaka fedha ziingie benki baada ya mnada. Msimu mmoja nilikwenda Masasi kumuuguza dada yangu, na niliporudi nilikuta mume wangu ameshauza magunia kadhaa kwa watu wa kangomba, wale walanguzi wanaonunua nje ya mnada, kwa bei ya kutupa, kwa kuwa alikuwa na shida ya haraka na hakuweza kuusubiri mnada. Fedha hizo ndizo zinazomsomesha mtoto wetu wa mwisho chuoni, na ndizo zinazonunua salfa ya kupulizia mikorosho msimu unaofuata.

Mume wangu hajakataa waziwazi. Amesema tu, "Nenda ukaone barafu yako," na tangu siku hiyo amekuwa mtu wa maneno machache. Ujanani mwake alifanya kibarua na Wafini waliokuja huku Kusini katika miradi ya maji, na hupenda kusema kwamba watu wale walikuwa wakilishangilia jua letu, sasa sisi tunakimbilia nini kwenye baridi yao. Kaka yangu, ambaye ni mjomba wa binti, anasema niende bila kusita, kwa kuwa nitajibu nini mbele ya ukoo iwapo mtoto atajifungua bila mama yake. Majirani nao hawakosi la kusema. Yuko anayesema naitwa kuwa yaya wa bure, na yuko anayesema ni israfu mtu mzima kupanda ndege kwenda kutazama theluji.

Afya yangu si mbaya, ila natumia dawa za shinikizo la damu, na baridi ninayoijua mimi ni ile ya Newala mwezi wa Julai, ambayo nayo huniumiza magoti. Isitoshe, mjukuu wa pili alipokuwa mchanga nilimwona kwenye simu amelazwa nje ndani ya kigari chake, theluji imetanda pande zote, nikapiga kelele wakanicheka, wakasema ndiyo desturi ya huko. Nikiwa palepale nitanyamaza vipi?

Lakini jambo linalonisumbua kuliko hayo yote sijamwambia mtu. Kila theluji ya kwanza inapoanguka naona watoto wale wanazidi kuwa wa kule. Naogopa kwamba nikienda, nikasimama nao nje na kushangilia, nitakuwa nimekubali kwa kinywa changu kwamba binti yangu harudi tena. Tiketi wanataka kuikata mwisho wa mwezi huu. Naomba unisaidie kufikiri.

Mama wa Mikindani

JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu, na hongera kwa mjukuu anayetarajiwa.

Umeniuliza kama uende au ubaki, ila swali hilo limebeba mengine ndani yake: nani atazisimamia korosho, binti yako anahitaji nini hasa katika uzazi huu, mume wako amenyamazia nini, na iwapo furaha ya wajukuu juu ya theluji inakupunguzia wewe nafasi yako kwao. Mambo haya hayana umri mmoja. La tiketi litaisha mwisho wa mwezi. Hilo la mwisho ulikuwa nalo kabla ya mwaliko na utakuwa nalo hata baada ya safari, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Sisi wa pwani tunaijua theluji kwa picha za kilele cha Kilimanjaro, na tunaifikiria kuwa ni baridi iliyopata umbo. Tukimwona mtu anaishangilia, tunadhani anaishangilia baridi. Naomba tulitazame jambo hili kutoka dirishani kwa binti yako. Oulu iko takriban kilomita 600 kaskazini mwa Helsinki, na kuanzia Septemba mchana wa huko hupungua kwa kasi, mpaka ifikapo wiki ya tatu ya Desemba jua huchomoza mnamo saa nne na nusu asubuhi na kuzama mnamo saa nane mchana. Katika wiki za Oktoba na Novemba kabla theluji haijatanda, ardhi ni nyeusi, miti mingi imepukutika, mvua ni ya baridi, na muuguzi wa zamu anaweza kutoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Theluji ikishaanguka, weupe wake hurudisha juu mwanga wa taa za barabarani na wa jua lile lililobaki, na mtaa uliokuwa mweusi jana unang'aa. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya hata watu wazima wa huko waifurahie theluji ya kwanza. Umeandika mwenyewe kwamba binti yako huzima taa za ndani kabla ya kufungua mapazia. Nilipofika hapo nilisimama kidogo, kwa kuwa mtu anayezima taa ili watoto waone nje anawaonyesha mwanga.

Ikiwa nimeelewa sawasawa, basi simu unayopigiwa kila mwaka ni simu ya siku ya nafuu. Je, umewahi kumuuliza binti yako wiki za kabla ya hapo anazipitishaje? Sisemi kwamba ana huzuni, kwa kuwa mimi simjui na barua yako haikusema hivyo. Nasema tu kwamba wewe umeonyeshwa theluji peke yake, na kutokana na hiyo umehitimisha kwamba wajukuu wako wamehamia kule moyo na mwili. Inawezekana umehitimisha sawa. Inawezekana pia kwamba mwanamke aliyeoga mvua ya kwanza uani Mikindani, baada ya joto la kaskazi, ametafuta kitu kinachofanana nayo mahali alipo, akakipata, na kila anapokipata mtu wa kwanza kumpigia ni wewe. Pole ya mjukuu wako nayo naisikia hivyo. Mtoto wa miaka sita humwonea huruma mtu anayekosa kile anachokipenda yeye, kama ambavyo watoto wa Mikindani wangempa pole mwenzao aliyekua bila kuoga baharini. Na ningependa kujua jambo hili: binti alikueleza wewe kwamba desturi ile imetokana na mvua ya uani kwako, lakini je, watoto wenyewe wanalijua hilo? Huku kwetu mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba. Sijasikia katika barua yako kwamba siku inaponyesha mara ya kwanza, simu hupigwa kutoka Mikindani kwenda Oulu.

Kuhusu hofu kwamba ukienda utakuwa umekubali harudi, sitaipuuza, maana ina ukweli wake. Mzazi akishafunga safari mara moja, familia inaweza kuzoea kwamba njia ni ya kwenda huko tu, na njia ya kurudi huku ikaota majani. Hata hivyo jiulize kwa utulivu: kama binti ameamua kuishi Ufini, kubaki kwako kutambadilisha? Na kama anakusudia kurudi siku moja, kushangilia kwako na wajukuu kutamzuia? Huenda majibu yako yakawa tofauti na yangu. Ninaloliona mimi ni kwamba hofu hii hujamwambia, kwa hiyo hana namna ya kuijibu, na kila mnapozungumza yeye anakueleza theluji nawe unasikia kuaga. Unaweza kumwambia bila kumlaumu. Unaweza hata kumwomba ahadi ya upande wake, kwamba wajukuu waje Mtwara katika likizo ya shule za huko, ambayo huanza mwanzoni mwa Juni na kuendelea hadi karibu katikati ya Agosti, wakati hapa kusi inavuma na joto limepungua.

Sasa uzazi. Unasema binti anaugusa na kuuacha. Katika nyumba zetu mtoto wa kike hamwambii mama yake "njoo unilee arobaini yangu". Anatarajia mama ajue. Binti aliyezaa watoto wawili ugenini huenda pia amejifunza kutokuomba. Nashawishika kudhani kwamba theluji ni mlango wa heshima wa kuingilia ombi jingine, ila nadharia yangu haina thamani kama hukuthibitisha kwake. Muulize moja kwa moja, na pawe faragha, bila spika ya simu na bila mume wako wala wake kusikiliza: "Mwanangu, unaniitia theluji au unaniitia uzazi?" Jibu lake litabadilisha mambo mengi, hata tarehe za safari.

Habari ya yaya wa bure nadhani majirani wamekisia kwa mazoea ya kwetu. Nchini Ufini, tangu Agosti 2022, kila mzazi, baba na mama, anastahili siku 160 za likizo ya malipo, na sehemu ya siku hizo mmoja anaweza kumwachia mwenzake. Mkwe wako, kwa maana hiyo, ana haki ya kukaa nyumbani na mtoto. Hilo halimaanishi kwamba hutashika mtoto. Ni nani aliyewahi kumzuia bibi kushika mtoto? Ni vyema mkubaliane mapema usiku nani anaamka, nani anapika, na wewe unapumzika saa ngapi. Na jambo la kile kigari nje kwenye baridi si la nyumba yao peke yao. Kuwalaza watoto wachanga nje mchana, wakiwa wamevikwa vizuri na baridi isiwe kali kupita kiasi, ni desturi ya miaka mingi katika nchi zile za kaskazini. Huna lazima ya kuipenda, lakini ukienda utakuwa katika nyumba ambayo mama wa mtoto ni muuguzi na baba yake huenda alilazwa hivyohivyo, na neno lako litasikilizwa zaidi likija kama swali. Wakati huohuo, nao wafahamu kwamba kuna mambo ya uzazi ambayo wewe utataka yafanyike kwa namna ya kwenu, na si yote ya kuchekwa.

Mume wako amesema "nenda ukaone barafu yako," na wewe umesikia korosho. Inaweza kuwa korosho. Lakini mwanamume aliyezoea kuamka na mtu mmoja miaka yote hii, akaambiwa atakaa peke yake miezi mitatu, tena kwa mwaliko ulioandikwa kwa mkewe peke yake, anaweza kukosa maneno akatumia kejeli. Je, barua ya mkwe ilimtaja? Kama haikumtaja, simu moja ya mkwe kwake, hata kwa Kiswahili cha kuokoteza, inaweza kufungua mazungumzo ambayo wewe umeshindwa kuyafungua. Tena huyu ni mzee aliyefanya kazi na Wafini kabla ya binti yenu hajazaliwa. Ana hadithi ambazo mkwe wenu angependa kuzisikia.

Hata akiridhika, magunia yabaki salama vipi? Hapa sitakutuliza kwa maneno matamu, kwa kuwa kangomba imekwisha kuingia nyumbani kwako mara moja, na ni biashara ambayo serikali yenyewe inaikataza kwa sababu ya hasara inayomletea mkulima. Mumeo aliuza kwa kuwa alikuwa na shida na hakuwa na fedha mkononi. Kama hali itakuwa ileile, ukiwa Oulu au ukiwa Masasi matokeo ni yaleyale. Yafaa mjadili ni kiasi gani kitaachwa nyumbani kwa matumizi ya Oktoba na Novemba, ili shida ndogo isiuze gunia kubwa, na binti akiwa tayari kulipa tiketi, labda mnaweza kumwomba sehemu ya msaada wake ielekezwe huko. Angalieni pia shamba limeandikishwa kwa jina la nani katika chama cha msingi na akaunti ya benki ni ya nani, kwa sababu malipo ya mnada huingia kwa mkulima aliyeandikishwa. Na yule kaka yako aliyekuwa mwepesi wa kusema nenda, je, yuko tayari kushika daftari la vibarua na kulala Nanyamba siku za kuokota? Mjomba mwenye kauli juu ya uzazi wa mpwa wake anaweza kuombwa pia jasho. Ila kumkabidhi kaka daftari kunaweza kumdhalilisha mume, kwa hiyo lisifanyike nyuma ya mgongo wake.

Tarehe nazo zinahitaji kutazamwa upya, hata kabla ya kuamua. Viza ya kutembelea nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, Ufini ikiwemo, hairuhusu kukaa zaidi ya siku 90 katika kipindi chochote cha siku 180. Ukifika tarehe 1 Oktoba, siku ya 90 ni tarehe 29 Desemba, kwa hiyo Januari haipo. Ukifika tarehe 15 Oktoba unaweza kukaa hadi tarehe 12 Januari. Kuna jambo jingine ambalo barua ya mkwe imelipita: theluji ya kwanza haina miadi. Katika eneo lile mara nyingi huanguka Oktoba, miaka mingine huchelewa hadi Novemba, na ile ya kwanza kabisa mara nyingi huyeyuka baada ya muda mfupi kwa sababu ardhi bado ina joto. Unaweza kufika mapema ukaishi wiki kadhaa katika giza na matope ukiisubiri, na unaweza kukuta imeshuka ukiwa bado Dar es Salaam unasubiri ndege.

Kwa hiyo upo uwezekano wa kusogea mbele, ufike siku chache kabla ya kujifungua, ukiwa umesimamia minada ya mwanzo ya korosho. Hapo utawahi uzazi, theluji iliyotanda utaikuta, ila ile ya kwanza yenyewe huenda ikakupita, na mtoto anaweza kuzaliwa mapema kuliko ilivyokadiriwa. Upo uwezekano wa kwenda Februari au Machi, korosho zikiwa zimekwisha na fedha zimeingia. Theluji huwa bado ni nyingi, mchana umerefuka sana, na mtoto ameshika shingo. Lakini arobaini itakuwa imepita bila wewe, na kwa kaka yako, na pengine kwa binti pia, hilo halitafidiwa na mwanga wowote. Kubaki kabisa mwaka huu nako si dhambi. Kuna akina mama wengi wa Kusini wanaolea kwa simu mabinti waliojifungua, kwa maelekezo ya uji na ya kujikanda maji ya moto, na watoto wao wanawapenda vilevile. Gharama yake ni kwamba mtoto wa tatu naye atakujua kupitia kioo kwanza, na binti anaweza kutafsiri kubaki kwako kama ulivyotafsiri wewe theluji yake, yaani vibaya na kimyakimya.

Afya ni jambo ambalo daktari wako ndiye wa kuliamua pamoja nawe. Baridi hubana mishipa ya damu na inaweza kupandisha shinikizo, hivyo usifunge safari kabla ya kupimwa, na ukienda beba dawa za kutosha siku zote pamoja na cheti cha daktari. Bima ya safari ya angalau euro 30,000 ni sharti la viza, ila bima za namna hiyo kwa kawaida hushughulikia dharura, hazikusudiwi kwa dawa zako za kila mwezi. Magoti yako yananitia wasiwasi kuliko baridi yenyewe. Ndani ya nyumba za huko kuna joto la kutosha. Hatari iko nje, ambako theluji huyeyuka mchana na kuganda usiku ikawa utelezi, na mtu wa umri wetu akianguka anaweza kuvunjika nyonga. Waambie wakutafutie viatu vyenye meno ya chuma kwenye soli na kile kiakisi mwanga ambacho sheria ya huko inamtaka mtembea kwa miguu akivae gizani. Usikimbilie kununua koti zito la mitumba sokoni. Mengine yametengenezwa kwa mvua za nchi zisizofikia baridi ya Oulu, na kinachosaidia zaidi ni nguo za sufu zinazovaliwa ndani, moja juu ya nyingine, na kitu cha kuzuia upepo juu yake. Mafuta ya nazi yabebe, hewa ya ndani wakati wa baridi ni kavu na ngozi hupasuka.

Hukuniuliza kuhusu ibada, lakini utakutana nalo: katika Desemba ya Oulu Adhuhuri, Alasiri na Magharibi hufuatana kwa karibu mno, na mtu aliyezoea kusikia adhana ya Mikindani anaweza kupitwa na sala bila kujua. Mkwe wako akupatie mapema ratiba wanayoifuata Waislamu wa mji ule.

Nadhani unaona kwamba sijakwambia uende wala ubaki. Sina mizani ya kupima arobaini ya binti dhidi ya ada ya mtoto wa mwisho, na sidhani mtu wa nje anapaswa kuishika. Ninachoweza kusema ni kwamba mpangilio wa mazungumzo una maana: kwanza binti, faragha; kisha mume, ukiwa tayari unajua unaombwa nini hasa; na kaka mwishoni. Maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari, alama za vidole huchukuliwa ana kwa ana Dar es Salaam, na kutoka kwenu hiyo ni barabara ya takriban kilomita 550, kwa hiyo mwombe mkwe asikate tiketi isiyobadilishika tarehe mpaka mazungumzo hayo yamekwisha. Hata akiongeza fedha kidogo kwa ajili ya tiketi inayosogezeka, nadhani atakuelewa ukimweleza sababu. Ukishazungumza na binti niandikie tena, na unijulishe alijibu nini kuhusu theluji na uzazi.